Koki ya Ghorofa ya Tisa

Koki ya jikoni ilikohoa.

Fransiska, aliyekuwa anachambua mchele sebuleni, aliinua kichwa. Jengo lilikuwa bado halijaunganishwa maji, na mumewe Elirehema alipanda ngazi kila asubuhi na ndoo begani huku akinung'unika mpaka ghorofa ya tisa. Alikwenda kuangalia. Koki ilikuwa imefungwa, lakini sinki lilikuwa limelowa, na jiko zima lilinuka tope la mtoni na majani ya mgomba yaliyooza.

"Bomba jipya hilo, lina hewa," alisema Elirehema aliporudi. Mafundi hawakosi maelezo.

Hiyo ni miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na Arusha ikashikwa na homa ya maghorofa. Aliyepata jiwe zuri la tanzanaiti machimboni Mirerani leo, kesho anachimba msingi. Kando ya Mto Themi, palipokuwa na migomba na bustani za mchicha, majengo yalipanda mpaka watu wa mtaa wa Kaloleni wakawa wanauona Mlima Meru vipande vipande. Elirehema ndiye aliyesimamia ujenzi wa jengo refu kuliko yote, na tajiri wake akampa fleti ya juu akae alinde mpaka wapangaji wapatikane. Alivimba kichwa, tusimlaumu. Na alikuwa na furaha nyingine kubwa zaidi: baada ya miaka mingi ya kusubiri, na ya mawifi kumsema Fransiska hadi kanisani, mkewe alikuwa mjamzito.

Tatizo lilianzia kwenye msingi. Palikuwa na chemchemi pale. Wanawake wa Kimeru waliteka maji hapo tangu enzi za bibi zao, na kila aliyeteka alirudisha kata moja kabla ya kuondoka. Siku ya kumimina zege alikuja kikongwe mmoja, Mama Sumari, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo, bibi," alisema Elirehema.

"Marahaba, mwanangu. Iachieni njia itokee mtoni. Na atakayeteka mwisho arudishe."

"Sawa, bibi. Tumesikia."

Alisikia, ndiyo. Hata kwao Machame mfereji wa maji haufungwi hivi hivi bila kuwaaga wenyewe. Lakini mashine ya zege ilikuwa inazunguka, tajiri amesimama anaangalia saa, na vijana wamejipanga na karai mikononi. Fransiska, aliyekuja kuwapikia mafundi, ndiye aliyeteka ndoo ya mwisho. Alikuwa na kiu, akanywa kata moja, yaliyobaki akapikia wali. Alipokumbuka kurudisha, zege lilikuwa limeshaifunika chemchemi.

Sasa koki ilikohoa kila magharibi, na kila siku kwa nguvu zaidi. Jioni moja ya mgawo wa umeme, Fransiska akiwa peke yake na mshumaa, alisikia kitu kinavuta pumzi kule chini kabisa, kisha kikaanza kupanda ndani ya mabomba, ghorofa baada ya ghorofa, kikipumzika kidogo na kuendelea, kikipita kwenye vyumba vitupu ambavyo havijawahi kulala mtu, mpaka kikafika jikoni kwake na koki ikajifungua yenyewe, na nyayo zenye maji zikaja kwenye sakafu, taratibu, bila mwenye nyayo, zikazunguka meza, na kochi likabonyea kando yake, na ubaridi wa kichwa kilicholowa ukalala juu ya tumbo lake, kama mtu anayesikiliza.

"Nirudishie," sauti ilisema.

Elirehema alimkuta hapo hapo, hawezi hata kulia. Gauni lake lilikuwa kavu, isipokuwa alama ya sikio tumboni.

"Nani alikuwa hapa?" aliuliza Elirehema.

"Usiseme kwa nguvu. Hajaondoka."

Kesho yake mchana, huku akiomba wazee wa usharika wasipate habari, Elirehema alimleta Bi Zuleha, mganga wa Kaloleni mwenye asili ya Kondoa. Bibi huyo alichoma ubani, akashuka na mume na mke mpaka chumba cha chini, akaweka sikio kwenye zege. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, shavu lake lilikuwa limelowa.

"Huyu hana ugomvi na jengo. Anataka maji yake tu. Nani aliteka mwisho?"

"Mimi, bibi," alisema Fransiska.

"Yalikwenda wapi?"

"Nilipikia wali."

"Yote? Sema kweli, mwanangu. Chemchemi ikishafungwa, kilichotekwa mwisho lazima kirudi chote."

Fransiska aliikumbuka ile kata moja aliyokunywa; miaka yote kabla yake hakuwahi kushika mimba. Mkono wake ulikwenda tumboni wenyewe. Je, akisema, huyo wa chemchemini atarudishiwa nini, kama si mtoto? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote.

"Yote, bibi."

Bi Zuleha alimtazama tumbo, kisha akaagiza zege livunjwe. Mafundi walivunja zege, wakachimba njia mpaka mtoni. Bi Zuleha akasoma dua, Fransiska akamwaga ndoo nzima ya maji shimoni, na sufuria aliyopikia ikatupwa humo humo. Chemchemi ilitoka kwa kishindo ikaelekea Themi. Toka siku hiyo koki ilinyamaza, harufu ikaisha, wapangaji wakahamia. Fransiska alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Anande, na mawifi wakaja na mtori wa mzazi.

Jumapili ya ubatizo kanisa lilijaa. Mchungaji alichota maji kwenye beseni, akammiminia mtoto utosini kwa jina la Baba. Hakuna tone lililodondoka. Akachota kwa jina la Mwana, yakazama. Akachota kwa jina la Roho Mtakatifu, nayo yakazama kichwani mwa mtoto kama kwenye mchanga, nywele zikabaki kavu.

Kisha Anande akakohoa. Elirehema aliijua sauti ile. Harufu ya tope la mtoni ilipanda katikati ya maua ya altare.

"Mama Anande," alinong'ona, "si ulisema yote?"

Fransiska alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zote, na nguo nyeupe ya ubatizo ikaanza kulowa kutokea ndani.