Sanamu Iliyolazwa Ubavu

Wengine watawasimulia kisa hiki kwa kukikatakata, kwa hiyo bora mkisikie kwangu. Nyumba yenyewe imepakana ukuta na ya dada yangu, na dada yangu haongezi chumvi hata kwenye mboga.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa, jua zuri, nguo zimeanikwa. Mama Mapazia, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kazi yake, alikuwa ameletewa kabati la vioo na seremala. Kabati la maana, rafu pana, taa ndogo ndani. Alasiri wateja wake walikuwa wanakuja kunywa chai na kuchagua vitambaa, na alitaka wakiingia tu sebuleni macho yao yatue pale. Kabati alikuwa nalo. Cha kuweka ndani hakuwa nacho.

Vya kuweka vilikuwa chumbani kwa mama mkwe.

Huyo bibi, tusidanganyane, alikuwa na ulimi wa kukwangulia ukoko. Tangu ahamie kwa mwanawe hajawahi kumwambia mkamwana wake neno jema. Chai ikiletwa, ni maji ya kuoshea vyombo. Mjukuu wa kike alipozaliwa, bibi alichungulia kitandani akauliza, "Ndiyo haka tu?" Haka kenyewe sasa kalikuwa kanakaribia kuanza shule, wanakaita Chiriku kwa kelele zake, na mama yake alikapenda kupita mboni za macho yake.

Bibi alihamia na sanduku moja la nguo na jingine la sanamu, za mbao na za udongo. Alizipanga mwenyewe kwenye ubao juu ya kitanda chake, na ungeziangalia ungedhani kazipanga ovyo. Mbili hapa zimekaribiana, moja kule peke yake, na nyuma ya zote mzee mwenye fimbo, amelazwa ubavu. "Mtu asiniguse sanamu zangu," alisema. Sababu hakutoa. Hakuwa mtu wa kumpa mkamwana sababu.

Asubuhi ile mume alimpeleka mama yake kliniki kupimwa presha. Gari lilipokata kona tu, Mama Mapazia akaingia chumbani na beseni.

Alizifuta vumbi moja baada ya nyingine, akazipanga kabatini kama mtu mwenye jicho. Ndefu nyuma, fupi mbele, iliyokolea rangi karibu na iliyopauka. Alikuwa anaimba. Yule mzee mwenye fimbo akamsimamisha, maana nani anaweka pambo limelala? Akamweka rafu ya mbele, katikati, na ubavuni mwake akaona panafaa kasichana kadogo ka udongo, kalikoinua mguu mmoja kama kanataka kukimbia. Kalikuwa kanayumba. Akakasimamisha, kakaanguka. Basi akachukua gundi ya kubandikia soli za viatu, akakapaka chini, akampaka na mzee, akawabandika pale wamegusana. Gundi ikavuja kidogo kati yao. Aliifuta kwa kidole akaendelea na kazi.

Ikabaki ya mwisho, bibi kizee ameshika tama, mdomo umevutwa pembeni kama mtu aliyeonja ndimu. Mama Mapazia alicheka mpaka akakaa chini. "We! Unafanana na mtu!" Akaiweka rafu ya chini kabisa, uso umeelekea nyuma ya kabati. "Kaa huko uutukane ukuta."

Mchana gari likarudi. Mume alimshusha mama yake taratibu, uso umemsawajika.

"Hali hii imemwanza tukiwa kwenye foleni," alinong'ona. "Ukimgeuza, anakupa kisogo. Daktari kasema apumzike. Mimi lazima nirudi kazini, mwangalie."

Akaondoka. Bibi aliingia sebuleni kinyumenyume, akapapasa kiti, akakaa na uso ukutani.

"Nani kagusa?" aliuliza. Aliuuliza ukuta.

Mama Mapazia alitazama kabati. Akafungua kioo polepole, akaizungusha ile sanamu ya bibi kizee kidogo tu. Kitini, shingo ya mama mkwe ikazunguka kidogo. Akairudisha. Shingo ikarudi.

Mimi na wewe tungepiga yowe tukatoka mbio. Yeye, Mungu amsamehe, alisikia raha. Raha ya kila kikombe cha chai kilichomwagwa mbele yake, kila "ndiyo haka tu".

"Nigeuze," bibi akasema.

"Niombe vizuri, Mama."

"Nakuomba, mke wa mwanangu. Nakusihi. Na yule aliyelala, umemfanya nini?"

"Nimemsimamisha. Kapendeza kweli."

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. "Nigeuze nikwambie. Siwezi kulisema hili nikiwa nimempa mgongo, atanisikia kabla yako. Nigeuze sasa hivi!"

"Wageni wangu wakishaondoka." Mama Mapazia akampigapiga begani, polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Leo na wewe uonje."

Na zile sanamu nyingine? Hakuzifikiria, jamani, hata kidogo! Alikuwa amepata fimbo ya kumchapia adui yake na hakutaka kuiweka chini hata dakika moja akafikiri.

Wageni wakaja. Wakalisifu kabati mpaka wakachoka, wakachagua vitambaa, wakanywa chai karibu na kisogo cha bibi. "Na huyu vipi?" mmoja akauliza. "Kasusa," akajibu Mama Mapazia, wakaangua kicheko. Bibi aliuma midomo tu.

Chiriku alikuwa anakimbia kutoka uani hadi koridoni. Baadaye akawa anatembea. Baadaye akaja sebuleni anaburuta ndala zake.

"Mama, miguu mizito."

"Acha deko, kuna wageni."

"Mama, inanata."

"Nimesema nenda kacheze!"

Mtoto akaenda. Gundi ile, muulize fundi viatu yeyote, haina haraka. Inashika polepole, na ikishakauka ndiyo basi tena.

Mgeni wa mwisho alitoka jua likielekea kuzama. Mama Mapazia alikuwa anakusanya vikombe aliposikia mtu anakohoa koridoni. Kikohozi cha mwanamume, kizito, cha kifuani. Mumewe alikuwa bado kazini. Kisha fimbo ikagonga sakafu. Ko. Ikanyamaza. Ko.

Vikombe vikamponyoka. Aliruka kabatini, akaigeuza sanamu ya bibi kizee kabisa, na mama mkwe akageuka kitini, macho mekundu, midomo inavuja damu.

"Yule ni mume wangu," alinong'ona. "Alinimalizia watoto wawili kwa mkono wake. Nilimlaza mwenyewe, na nikamlinda asiinuke. Akisimama, anamchukua aliye karibu naye. Umemweka karibu na nani?"

Mama Mapazia alikatazama kale kasichana ka udongo. Koridoni mtoto akajibu badala yake.

"Mama! Siwezi kuinua mguu. Babu anasema nimpe mkono."

"Usimpe! Chiriku, usimpe!"

"Mlaze!" bibi alisema. "Mlaze upesi!"

Mama Mapazia akamshika mzee, akavuta. Hang'oki. Akavuta kwa mikono miwili, ameegemeza goti kwenye kabati. Akang'oka. Na kasichana kakang'oka naye. Gundi iliyovuja ilikuwa imekauka kati yao. Wamekuwa kitu kimoja. Na mzee kainama. Asubuhi hakuwa ameinama. Mdomo wake sasa uko sikioni mwa kasichana.

Bibi aliangalia. Aliangalia sana. Kisha mdomo wake ukavutika pembeni, na naapa hivi ndivyo nilivyoambiwa, alitabasamu.

"Haya, mke wa mwanangu. Ukimlaza yeye, umemlaza na mwanao. Usipomlaza, anatembea naye. Panga mwenyewe. Si unajua kupanga?"

"Mama, nisaidie. Mama, nipige magoti? Napiga magoti!"

"Angalia usije ukawainamisha," bibi akasema.

Koridoni kulikuwa kimya. Mama Mapazia alikwenda amewabana kifuani, wima, hathubutu kukunja kiwiko. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ndani, komeo mahali pake. Mtoto hakuwepo. Zilikuwepo ndala zake za bluu, moja mbele ya nyingine, kama za mtu aliyevutwa akiwa katikati ya hatua.

Mume alirudi, akalia, akaita polisi, wakatafuta mpaka kwenye tangi la maji. Mkewe hakutafuta. Alikaa kitini na zile sanamu mbili, na hadi leo analala hivyohivyo, ameketi, amewashika wima. Akienda kuoga, anayewashika ni mama mkwe. Fikiria mwenyewe. Kila siku anamkabidhi mwanawe kwa yule bibi, anajimwagia makopo mawili matatu ya maji, anatoka mbio na povu mwilini. Na bibi kila siku anamrudishia polepole, kiganja kimeinama kidogo, kidogo tu, amuone anavyopiga kelele.

Dada yangu husikia kila kitu kupitia ukutani. Jioni mwanamume anakohoa, fimbo inagonga, na nyuma yake kasauti ka mtoto kanapiga soga bila kupumua, kama zamani. Siku hizi kasauti nako kanakohoa.

Zile ndala ziligoma kung'oka. Wiki iliyopita aliletwa fundi wa sakafu, mtu mzima, mzoefu. Patasi yake ikavunjika. Akapiga magoti aangalie zimeshikwa na nini, akapenyeza mkono chini ya ukanda wa ndala moja. Aliutoa kama aliyeungua. Akatoka bila kuaga, vifaa vyake kaviacha vyote, na getini akapishana na dada yangu. Alimwambia kwa kunong'ona kwamba kwenye ile ndala mna vidole vya mguu, havionekani, vina joto, na alipovigusa vilijikunja.