Taulo la Bava Suribabu

Nilikuwa naongoza kwa pointi. Raundi ya mwisho ndiyo kwanza imeanza, na msichana wa kutoka mji wa Guntur anahema mbele yangu.

Ndipo taulo jeupe likapita juu ya kamba, likaanguka miguuni pangu.

Limetoka kwenye kona yangu mwenyewe...

Aliyelirusha ni Suribabu, kocha wangu, na kona ikirusha taulo imekubali kushindwa. Refa akasimamisha pambano na kuinua mkono wa mpinzani wangu.

Wasomaji wangu, ukumbi mzima wa fainali pale mjini Vizag ulimzomea, na sababu ilikuwepo. Suribabu ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu Watelugu, kusini mwa India, huyo unamwita bava, na bava ndiye mchumba wa kwanza kufikiriwa. Baba na shangazi walishakubaliana: nikichukua ubingwa wa jimbo, niendelee na ngumi na mateke. Nikishindwa, naolewa na Suribabu na mchezo unaisha.

Sasa mtu wa kunioa nikishindwa ndiye aliyefanya nishindwe. Wewe ungefikiria nini?

"Umeniuza," nilimwambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Kaa chini, Haimavati. Kichwa kinauma?"

"Ulitaka mke, ukashindwa kusubiri."

"Nimekuuliza kichwa."

Baba akaingia. "Suribabu, ungekuja kuniomba binti kistaarabu. Mimi mjomba wako ningekukatalia?"

"Mjomba, twende hospitali kwanza. Matusi nitayapokea hukohuko."

Nilicheka. Nikasimama nimjibu, nikatapika juu ya viatu vya baba.

Picha ya kichwa ilionyesha damu imevuja ndani ya fuvu. Kidogo, alisema daktari, lakini teke jingine moja lingetosha.

"Nani alisimamisha pambano?"

Suribabu akainua mkono kama mwanafunzi mwenye kosa.

"Ulijuaje?"

"Aliniita anna."

Daktari, mama wa kwetu, akaweka kalamu mezani.

Anna ni kaka. Msichana wa kwetu anaweza kumtania bava wake, kumtukana, hata kumnyima chai. Kumwita anna, hapana, kwa sababu anna hamuoi dada yake. Toka nijue kuongea sijawahi kukosea hilo.

Mapumziko ya kabla ya raundi ya mwisho siyakumbuki mpaka leo. Mtandaoni kilisambaa kipande cha taulo tu, na watu wakamwita msaliti. Baba ndiye aliyetafuta video nzima.

Kwenye video, mwisho wa raundi ya pili napigwa teke la kichwani. Nakaa kwenye kona.

"Anna, nipe maji."

Suribabu anaganda na chupa mkononi.

"Umeniita nani?"

"Anna, tunarudi nyumbani saa ngapi?"

Kengele inalia. Mimi nimeshanyanyuka. Yeye anamwita refa, refa anampungia mkono akae. Ndipo anachukua taulo.

Baba aliitazama mara mbili, akazima simu.

Niliporudi nyumbani Vizianagaram, shangazi alikuja na vitamutamu vya laddu na majani ya tambuu, vitu vya posa.

"Makubaliano ni makubaliano, kaka," alimwambia baba. "Kashindwa. Tutafute siku njema."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikatazama sakafu.

"Mimi simuoi," akasema Suribabu.

"Nini?"

"Ameniita anna mbele ya ukumbi mzima. Mara mbili. Video ipo."

"Si alikuwa amepigwa kichwa, mwanangu?"

"Neno limeshatoka, mama. Unataka mtaa useme nimeoa dada yangu?"

Mwanamume huyu huwacheka watu wanaoogopa kusafiri Jumanne, eti ni siku ya mkosi. Haamini hata nusu ya aliyoyasema. Lakini baba anayaamini yote.

"Basi," baba akasema. "Haimavati aendelee na mchezo wake."

Hapo hakuna aliyemtazama mwenzake. Daktari alikuwa ameshanikataza kupanda ulingoni maisha.

Suribabu akatoka kwenda mazoezini. Shangazi alibaki nyuma, akafungua ncha ya sari yake na kunitilia kitu kiganjani. Pete mbili za fedha, za vidole vya miguu, zile anazovaa mke.

"Alizinunua mwaka jana," akasema. "Kabla mimi na baba yako hatujaongea lolote."

"Kwa nini unanipa mimi, shangazi?"

"Nimpe nani? Kaniambia hatafuti mwingine."

Alinitaka, jamani. Angekaa kimya tu siku ile ya posa, angenipata. Alijua kuwa mimi simtaki, akatumia mila ileile kunifungulia mlango.

Kwa hiyo ukimwona mtu anafaidika na jambo, usikimbilie kusema amelifanya kwa ajili ya faida hiyo. Tafuta video nzima. Na hata ukiipata, kuna mambo hayakurekodiwa.