Tunajua!

Saluni nzima walimwita Bosi, ingawa mwenye saluni hakuwa yeye. Alikuwa msusi tu. Lakini alivyoingia asubuhi na viatu vipya, simu kubwa mkononi, manukato yakimtangulia, nani angebisha?

"Kunyweni soda, mimi ndiye nalipa!" aliwaambia wenzake kila mchana.

Hakuna aliyejua kwamba soda zile zilikuwa za mkopo. Simu pia. Viatu pia. Alikopa huku alipe kule, kisha akakopa kule alipe huku.

Siku moja alipigiwa simu akiwa katikati ya kusuka. Alitoka nje kupokea.

"Dada, usipolipa kufikia kesho jioni, ujumbe utawafikia watu wote walio kwenye simu yako," mkopeshaji alisema. "Baba yako, wateja wako, wote."

Bosi alikata simu. Wateja walimwachia pesa zao awanunulie nywele za kusukia. Wakijua, nani angemwachia tena? Papo hapo akampigia mkopeshaji mwingine kuomba mkopo.

Mama Cherehani, fundi wa chumba cha pili na mweka hazina wa chama cha akiba, alikuwa mlangoni kwake. Alisikia yote, hata sauti ya mkopeshaji simuni.

"Mwanangu, unakopa tena?"

"Mama, hayo niachie mwenyewe."

"Haya. Lakini huyo mtu anakuuzia nini? Anakuuzia ukimya. Kila ukikopa, unaununua upya."

Bosi akashusha simu. "Sasa nifanye nini?"

"Acha kukopa ili ulipe deni. Uza usivyovihitaji. Kila anayekudai mwambie utatoa kiasi gani kila wiki, na ukitoe kweli. Lakini kwanza, watu wako wasikie kutoka kwako."

"Wakinicheka je?"

"Watacheka. Kicheko hakina riba."

Jioni alimweleza baba yake. Mzee alifoka mpaka chai ikapoa.

"Nani alikutuma ujifanye tajiri? Simu hiyo itauzwa wiki hii!"

"Itauzwa, baba." Usiku huo akamwandikia kila anayemdai kiasi atakachotoa kila wiki.

Kesho yake alisimama katikati ya saluni. Kidevu kilikuwa juu.

"Nina madeni," alisema. "Nilikuwa najidai tu. Mkiletewa ujumbe, msishtuke."

Wengine waliguna. Msusi mmoja alicheka mpaka akaangusha kitana. Bosi aliona aibu, aliona aibu sana, lakini hakukimbia. Alichukua kiti chake, akaanza kumsuka mteja wa kwanza.

Jioni simu ikalia. Safari hii hakutoka. Aliweka sauti kubwa, kila mtu asikie.

"Dada, muda umekwisha. Natuma!"

"Tuma. Deni lako nalikubali, na nitalilipa kila wiki kama nilivyokuandikia. Lakini kunitisha, basi."

"Baba yako atajua!"

"Anajua."

"Na wateja wako je?"

Saluni nzima, wengine vichwa nusu vimesukwa, wakapaza sauti: "Tunajua!"

Mkopeshaji akakata simu.

Deni lilichukua muda mrefu kuisha, lakini halikuongezeka tena. Na jioni ile ile, mteja aliyekuwa kitini alimpa Bosi pesa amnunulie mdogo wake nywele.

"Chenji nitaihesabu," alisema.

"Ihesabu," Bosi akajibu, akaendelea kusuka.