Bibi wa Kwenye Ngao

Bernadina ni fundi wa kuchora mabango pale Makuyuni, Korogwe. Anaishi na bibi yake, Yusta, aliyemlea tangu mdogo. Ni fundi hodari, ila ana ugonjwa mmoja: kuota mchana. Akishika brashi husahau hata mboga jikoni. Mboga zimeungua sana katika nyumba ile.

Wiki hiyo alipata kazi. Kikundi cha wanawake wanaosokota kamba za mkonge kilitaka bango la chumba chao kipya.

"Tuchoree Bibi na Bwana, ile nembo ya taifa," walisema. "Watu watuheshimu. Tunafungua Jumamosi."

Baada ya chakula Bernadina alijinyoosha mkekani. Usingizi mwepesi ukamchukua. Akaiona ngao ya taifa imesimama katikati ya shamba la mkonge. Mawimbi yaliyochorwa juu yake yalikwenda na kurudi polepole, bila sauti. Yule Bibi akaiachia pembe ya ndovu, akashuka, akatembea kati ya mistari ya mkonge. Alipogeuka, kumbe ni bibi Yusta.

Bernadina alipoamka alichora hivyo hivyo. Bibi mwenye mvi, na mkonge miguuni pake. Alifurahi mpaka akaimba. Bibi Yusta alikata mkonge miaka mingi, na jina lake halikuandikwa popote. Sasa atakaa juu ya mlango, watu wamwone.

Ijumaa akapita Ikram, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Yusta.

Ikram akalitazama bango. Akacheka, kisha akalisogelea.

"Berna, huyu mwenye mvi ni nani?"

"Si Bibi, dada? Bibi na Bwana. Nimemchora wangu."

"Ala! Bibi huyo si mama mzaa mama. Ni mwanamke tu, kama tunavyosema mabibi na mabwana. Mwanamke na mwanamume wameishika ngao pamoja, maana nchi hujengwa kwa kushirikiana."

"Na mkonge?"

"Haumo. Kwa Bwana kuna karafuu, kwa Bibi kuna pamba. Mwenge ni mwanga wa uhuru. Mkuki unaulinda uhuru huo. Jembe na shoka ni zana zetu za kazi. Udongo mwekundu ni rutuba ya ardhi, mawimbi ni bahari na maziwa. Bibi na Bwana wamesimama juu ya Kilimanjaro. Kila alama ina maana yake, kwa hiyo haibadilishwi ovyo. Tena huwezi kuitumia kwenye biashara bila kibali cha serikali. Bango hili halitapanda, mdogo wangu."

Bernadina akalia. Iliuma kweli.

"Basi bibi yangu hana pake."

"Nani kasema? Taifa lina nembo yake. Kikundi nacho kiwe na yake. Jiulizeni: sisi ni nani, na tunafanya nini?"

Wakawaita wanawake wa kikundi. Jioni nzima walibishana, wakacheka, wakabishana tena. Mwisho wakakubaliana. Jani la mkonge, kwa sababu ndilo lililowaleta babu zao hapa. Kamba ya nyuzi tatu, kwa sababu ya umoja. Na mkono ulioishika kamba, kwa sababu ya kazi. Bernadina akamwomba bibi yake akae mbele yake, anyooshe mkono. Akauchora vile ulivyo.

Jumamosi bango likapandishwa. Mgeni mmoja akauliza, "Huo mkono mbona umepinda kidole?"

Bibi Yusta akainuka kwenye kiti.

"Ni wangu," alisema. "Kisu cha mkonge kilinikata. Sikulazwa hata siku moja, kesho yake nikarudi shambani."

Kisha bibi mmoja kule nyuma akauinua mkono wake. Nao ulikuwa na kovu. Mwingine akainua. Mwingine tena. Bernadina alihesabu kumi na mmoja, akaacha kuhesabu kwa sababu ya machozi. Alidhani amemchora mtu mmoja.