Kihori Kilale Kifudifudi

Tangu alfajiri Fundi hakutulia. Alikuwa kwenye chumba cha injini, anaimba, anapangusa hata vyuma alivyokwisha kuvipangusa. Binti yake amejifungua. Mjukuu wa kwanza. Habari aliipata jana kwa simu, na tayari gati zima lilikuwa linaijua, hata wale ambao hawakuuliza.

Boti yao ilikuwa ya mizigo. Mumewe alishika usukani, kwa hiyo akaitwa Nahodha. Yeye alitunza injini, kwa hiyo akaitwa Fundi. Juu ya sitaha, yaani sakafu ya nje ya boti, walibeba kihori, kiboti kidogo cha makasia. Kihori hicho hakikuwa pambo. Anakoishi binti yao hakuna gati, na maji ya pwani ni ya kina kifupi. Boti hutia nanga mbali, watu wakamalizia safari kwa kihori. Bila kihori, Fundi angeishia kumpungia mjukuu mkono.

Redio ilisema upepo mkali utaanza mchana. Boti ndogo zisitoke. Boti za ukubwa wao ziende kwa tahadhari.

"Tahadhari tunayo," alisema Nahodha. Alikuwa amenunua kamba mpya, nene kama mkono wa mtoto. Akaipitisha juu ya kihori na kuifunga kwenye reli za pembeni.

Kihori chenyewe kilikuwa kimelala chali. Siku zote kililala hivyo, maana Fundi alikigeuza kabati. Humo aliweka ndoo, vitunguu, nguo za kazi. Leo aliweka beseni la kuogea mtoto, kitanda kidogo cha mbao na furushi la nepi. Juu akafunika turubai. Alipendezwa na kazi yake.

Wifi yake akaja kuwaaga. Dada huyu wa Nahodha aliendesha tagi, ile boti yenye nguvu inayovuta meli. Mdomo wake nao ulikuwa na nguvu zilezile.

"Hongera, bibi," alisema akipanda. "Unazeeka vizuri."

"Na wewe bibi vilevile. Usijitoe."

Wifi alicheka, kisha macho yake yakaangukia kihori. Akakisukuma kwa mguu. Kikayumba, reli zikalia.

"Kaka, hiki umekifunga au umekivisha mkanda?"

"Kamba mpya hiyo," alisema Nahodha. "Ile ya zamani ilikatika, tukapoteza kihori cha kwanza."

"Haikukatika. Niliiona mliporudi. Kamba ilikuwa nzima, inaning'inia na kipande cha reli. Reli ndiyo iliyong'oka."

Nahodha akaipapasa reli. Kweli, reli walikuwa wameichomelea upya. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

"Reli ni ya kushikwa na mikono," Wifi aliendelea. "Uzito wa kihori haiuwezi. Halafu kimelala chali. Wimbi likiingia humo kinajaa. Ndoo moja ya maji unaijua ilivyo nzito. Sasa fikiria kihori kizima. Kitang'oa reli, kitavunja dirisha la usukani, na akiwepo mtu njiani, kitamponda."

Fundi alilitazama beseni la mjukuu. "Basi tufanye nini, wifi? Mimi leo lazima nifike."

"Utafika. Toa kabati lako kwanza."

Wakatoa kila kitu, na makasia pia, wakavifunga ndani. Kisha wakakibeba kihori mpaka katikati ya sitaha, mbali na matundu ya pembeni yanayotoa maji. Wakakigeuza kifudifudi, mgongo juu, juu ya vipande vya mbao vilivyokatwa kufuata umbo lake.

"Sasa wimbi litapita juu ya mgongo liende zake," alisema Wifi. "Kamba zifungwe kwenye pete zile za chuma zilizokazwa kwa bolti sakafuni. Zipite juu yake kwa kukatizana. Nyingine ivute mbele, nyingine ivute nyuma, kisiteleze."

Fundi alileta matambara ya kuweka pale kamba zilipopita kwenye kingo, zisisagike.

"Hiyo ni suruali yangu," alisema Nahodha.

"Ilikuwa."

Kwenye mwisho wa kila kamba Wifi alifunga fundo la kuvuta. Linashika kwa nguvu, lakini ukivuta ncha yake, linafunguka mara moja. "Siku ya hatari kihori hiki ndicho kitakachowaokoa. Hamtakuwa na muda wa kung'ata mafundo kwa meno. Na kamba za nailoni zikilowa hulegea. Zikazeni tena kabla bahari haijachafuka."

"Tutajuaje kimekaza?" aliuliza Fundi.

"Kisukume. Kikisogea chenyewe, bado. Ukirudi nyuma wewe, tayari."

Fundi akakisukuma kwa bega. Akarudi nyuma yeye. Akacheka kama msichana.

Wifi akashuka. Walipotoka gatini, manyunyu yalianza kuilowesha sitaha. Fundi alivaa jaketi la kuokolea, akatoka na kuzijaribu kamba. Mbili zilikuwa zimelegea kweli. Akazikaza, akasukuma, akarudi nyuma. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mchana upepo ukafika kama ulivyoahidiwa. Boti ilipanda, ikashuka. Wimbi moja likapanda omo, mbele ya boti, likaja sitahani likiwa jeupe.

"Shika," alisema Nahodha.

Maji yakakifunika kihori chote. Kisha maji yakatelemka pembeni, yakatoka kupitia matundu, na mgongo wa kihori ukaonekana palepale, unang'aa.

"Umeuona?" alipiga kelele Fundi. "Mume wangu, umeuona mgongo ule?"

"Nimeuona. Niache niendeshe." Lakini naye alikuwa anatabasamu.

Jioni haikuwa imeingia walipotia nanga kwenye maji yaliyotulia. Fundi alivuta ncha za kamba. Mafundo yakafunguka moja baada ya jingine. Wakakigeuza kihori, wakakishusha majini. Ndani yake palikuwa pakavu. Wakapakia beseni, kitanda na nepi, Nahodha akashika makasia.

Binti alikuwa ameketi mlangoni. Fundi aliosha mikono kwanza, kisha akampokea mtoto.

Simu ikaita. Ni Wifi. "Niambie. Fundo limeshika?"

Fundi alitazama mkononi. Mtoto alikuwa amekikamata kidole chake, hakiachii.

"Limeshika, wifi," alisema. "Ila hili halina ncha ya kuvuta."