Sikio la Baba Limekwama Forodhani

Kila asubuhi Kidole alimwamsha baba yake kwa kumtikisa mguu. Kumwita ilikuwa kazi bure. Miaka mingi ya kugonga na kuchomelea vyuma karakanani ilikuwa imeyala masikio ya baba, na jogoo aliweza kuwika dirishani yeye akaendelea kukoroma.

Jina la Kidole alipewa na mama kwa wepesi wake wa kubonyeza simu. Basi, msimamizi wa karakana alipomwambia baba, "Nimekupigia kelele utoke chini ya chuma, hukusikia. Mwezi ukiisha hivi hivi, utabaki nyumbani," Kidole ndiye aliyepewa kazi ya kuagiza kifaa cha kusikia kutoka ng'ambo. Akiba yote ya baba iliingia humo.

Mjomba wake, muuza makava ya simu, alimkuta akiandikiana na muuzaji.

"We mtoto, mwambie aandike kuwa ni mdoli. Akiandika kifaa cha matibabu, watu wa forodha watawakamua. Wajinga ndio waliwao!"

"Mama amesema niwaulize kwanza, Mjomba."

"Utamuuliza simba kama ana njaa?"

Kidole akacheka, akabonyeza. Jioni mama alipotaka kujua, akajibu bila kupepesa, "Nimeuliza, Mama. Hakuna shida."

Kifurushi kilifika, kikakwama ghalani mwa forodha. Mwezi ukaisha. Msimamizi hakungoja, nafasi ya baba akapewa mwingine. Baba alirudi na kinyago chake cha kuchomelea kwapani, akaketi kizingitini.

Ndipo wakaitwa forodhani. Ofisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa amekwisha kukifungua kifurushi.

"Hapa pameandikwa mdoli. Huu mdoli wenu unavaliwa sikioni?"

Mama akamtazama Kidole. Kidole akatazama sakafu.

"Vifaa vya kusikia sisi hatuvitozi ushuru," ofisa akasema. "Hata senti moja. Kingeandikwa kwa jina lake, mngekwisha kukichukua zamani. Midoli ndiyo inayotozwa. Na uongo nao una faini yake."

"Dada yangu, hakuna nafuu kweli?" mama akauliza.

"Nafuu ilikuwepo, dada. Anayetaka kupunguza ushuru huuliza kabla hajanunua: kitu hiki kinatozwa, au kimesamehewa? Kisha hukiandika kwa jina lake na bei yake ya kweli. Kuuliza ni bure. Ninyi mlango ulikuwa wazi, mkaamua kupita dirishani."

Mama alikuwa fundi wa nguo. Aliuza cherehani yake, wakalipa.

Nyumbani alimvalisha baba kile kifaa, kisha akatoka uani kuanua nguo. Baba alishtuka. Kuku, ndoo, watoto wa jirani wakigombania mpira! Uso wake ukakunjuka.

"Sema kitu, mwanangu. Nina hamu na sauti yako."

Kidole akamsogelea. "Baba, mimi ndiye niliyeagiza kiandikwe mdoli. Mjomba aliniambia, nami nikamdanganya Mama kuwa nimeuliza. Kazi yako imepotea kwa sababu yangu."

Tabasamu la baba likazimika. Akakigusa kile kifaa, Kidole akadhani kimeharibika.

"Siwezi kukuambia kwamba si kitu," baba akasema. "Ni kitu. Kazi imekwenda, cherehani imekwenda. Mjomba wako alikugawia ujanja, lakini njaa ni yetu, yeye hatagawana nasi. Usilolijua, uliza. Na kama hukuuliza, sema hukuuliza. Hapo tungekuwa bado na muda wa kutengeneza."

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Ila aliyedanganywa ni mama yako. Nenda uani ukamwambie maneno hayo hayo." Akageuza shingo, sikio lake likaelekea mlangoni. "Na uyaseme kwa sauti. Nitasikia."