Kosa la Ukurasa wa Kumi na Nne

Walikutana sokoni Budapest, Jumamosi mchana, kwenye foleni ya mikate ya kukaangwa, watu wamebanana na harufu ya kitunguu saumu imejaa kila mahali. Emese, ndani ya koti jekundu, alikuwa akichora visanduku nyuma ya bahasha. Botond, sweta limetoboka kiwikoni, akachungulia bila haya.

"Hilo jiwe lako, maji hayapiti," akasema.

"Nani kakuuliza, kaka?"

"Wewe. Si umeweka alama ya kuuliza hapo?"

Emese, mwanahisabati, alikuwa na miaka sita ndani ya jiwe hilo la kwenye karatasi. Kila kitundu chake kinarushiwa sarafu: kifunguke au kizibike. Je, vitundu wazi vikiwa pale mpakani kabisa, si vingi si vichache, maji yatapenya au yatanasa? Botond naye ni mtu wa hesabu za uwezekano, chuo cha ng'ambo ya mto. Kufikia Mei walikuwa hawaachani.

Mkataba wa Emese ulikuwa unaisha Juni. Idarani kulikuwa na kazi moja tu ya kudumu, na angeipata iwapo hoja yake ingesimama ubaoni. Jumanne akampa Botond rasimu. Kwenye ukurasa wa kumi na nne akakuta kosa: Emese alichukulia matukio mawili hayajuani, kumbe moja linalivuta jingine. Simu ikalia.

"Umesoma, nyota yangu?"

"Nimesoma."

"Enhe?"

"Safi kabisa, mpenzi."

Bwege yule. Eti ndiyo mapenzi.

Alhamisi, mbele ya jopo, profesa mmoja akanyoosha mkono. "Ukurasa wa kumi na nne, dada. Una hakika hayo mawili hayategemeani?"

Akaupitia mstari wake ubaoni, akaliona kosa. Emese akamtazama Botond. Botond akatazama viatu vyake. Sote wa idara tuliokuwa ukumbini tuliona.

Jioni Emese alimpigia.

"Ulijua."

"Tangu Jumanne."

"Ukaniacha nikwame pale mbele ya watu?"

"Nilikuonea huruma, Emese."

"Huruma kamwonee paka wako. Mimi nilitaka mtu wa kunisomea."

Kazi ikaenda kwa mwingine. Wiki tatu Emese hakupokea simu, na Botond akawa anafundisha bila kunyoa ndevu.

Zikiwa zimebaki siku nne mkataba uishe, Emese akagonga mlango wa Botond, gauni la kitani limekunjamana, macho mekundu. Akaweka karatasi mezani.

"Nimeliziba lile pengo. Soma nikiwa hapa hapa."

Botond akasoma. Ukurasa wa tisa ukamkata maini. Alitamani kudanganya, wallahi alitamani.

"Bado," akasema. "Mstari wa tatu. Kosa ni lile lile, umeliingiza kwa njia nyingine."

Emese akakaa sakafuni akalia, kilio cha mtu aliyenaswa miaka sita na bado haoni pa kutokea. Botond akakaa kando yake, asithubutu kumgusa.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Basi nioe," akasema. "Mwingine wa kuniambia hivyo sina."